Kutoka Kasulu hadi Kibondo, dimbwi kwa dimbwi

Sisi tuliokulia Muheza tuliwajua Waha kabla ya kuijua Kigoma. Kambi za mkonge zilikuwa zimejaa wazee wa Kiha waliokuja enzi za mkoloni wakiwa vijana, wakaandikishwa kwao, wakapewa namba, wakasafirishwa hadi mashamba ya Tanga. Manamba. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwakusanya, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, na Buha, nchi ya Waha, ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vijana wengi. Mkataba ulipokwisha wengine walirudi, wengine wakaoa Muheza wakazaa Wabondei wa lafudhi ya ajabu. Wazee hao walikuwa wakitusimulia kuhusu kwao: baridi ya asubuhi, maharage, asali, vilima visivyokwisha. Malaria hawakuitaja kabisa. Labda huko mkongeni waliiona nyingi kiasi kwamba ya kwao waliisahau.

Kwa hiyo wifi yangu aliponiambia kwamba Desemba anakwenda Kasulu na Kibondo kukagua mazalia ya mbu, nilimwomba anichukue. Yeye ni mtaalamu wa wadudu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kila mwaka nachora ubaoni maisha ya mbu: yai, kiluwiluwi, buu, mbu mwenye mabawa, na mishale minne inayozunguka. Siku moja alilichukua daftari la mwanafunzi wangu, akautazama mchoro ule, akasema, "Wifi, umeonyesha anakwenda wapi. Hujaonyesha anakula nini, wala anakula na nani."

Hiyo "na nani" ndiyo iliyonipandisha treni.

Safari yenyewe ya Reli ya Kati sitaisimulia. Wameisimulia wengi, na nusu yake nililala. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na mpaka leo mwisho wake ni pale pale ziwani. Simulizi yangu inaanzia kwenye basi, tulipoiacha Kigoma na kukata kushoto Kidahwe kuelekea Kasulu. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, Kasulu iko kwenye mita 1,300 hivi, na tofauti hiyo unaiona dirishani: michikichi inapungua, migomba na mihogo inaongezeka, udongo unakuwa mwekundu, na abiria mmoja mmoja anaanza kutoa sweta.

Kwa mtu wa Tanga, kupanda mlima ni kuikimbia homa. Wasambaa waliliogopa bonde kwa sababu hiyo miaka mingi kabla hajatokea Mzungu wa kuwaeleza habari za mbu. Lakini nyanda za juu za Kigoma si Usambara. Kwenye mita 1,300, digrii chache tu kusini mwa ikweta, joto linamtosha mbu kukua, na linamtosha kimelea kukomaa ndani ya mbu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliwapima watoto wa miezi 6 hadi 59: nchi nzima, waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 7, mkoa wa Kigoma ulikuwa na asilimia 24, ukiongoza mikoa yote. Hiyo ilikuwa baada ya miaka mingi ya vyandarua vyenye dawa, na Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa wilaya ambazo nyumba zake zimewahi kupuliziwa dawa-ukoko ukutani. Vyote hivyo vinamsubiri mbu aliyekwisha kukomaa, usiku, akija kuuma au kupumzika. Wifi yangu kazi yake ni ya mchana, na inaanza siku nyingi kabla.

Asubuhi ya kwanza Kasulu tulikutana na bwana afya nje ya ofisi yake. "Mwakeye," akatuamkia, nasi tukajibu kwa kubahatisha. Alikuwa na buti za mpira, na vifaa vilivyonishangaza kwa uchache wake: kata nyeupe ya plastiki yenye mpini mrefu, beseni jeupe, bomba dogo la kunyonyea, chupa za spiriti, daftari. Nilitarajia darubini. Wifi akacheka. "Darubini iko kwenye begi, lakini mbu utamwona kwa macho. Njoo."

Dimbwi letu la kwanza lilikuwa alama ya tairi la lori, karibu na mahali wanapopakia maharage. Urefu wake haukuzidi mkono wangu. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na jua lilikuwa linayapiga moja kwa moja. Mimi ningelipita. Wifi akachuchumaa upande ambao kivuli chake hakitaangukia maji, kwa sababu viluwiluwi wakiona kivuli wanazama, akasubiri, kisha akateka kwa pembeni na kuumimina mteko wake kwenye beseni.

Walikuwemo. Walikuwa wamelala bapa chini ya ngozi ya maji, mgongo juu, wametulia. "Hao ni anofelesi," akasema. "Kuleksi wa chooni utamjua, huyo ananing'inia kichwa chini kwa mrija wake wa kupumulia. Anofelesi hana mrija, ndiyo maana analala." Akanipa kioo cha kukuzia. Nikaona jambo ambalo miaka yote ya ualimu sikuwahi kuliona: mdudu amelala kifudifudi kwa maana ya kwamba mgongo uko juu, lakini kichwa amekizungusha nusu duara kamili, uso ukaelekea juu, mwili ukabaki ulivyo, na nywele za mdomoni zinafagia ule utando mwembamba ulioko juu ya maji. Anafagia bila kupumzika.

Utando huo ndio mlo wake. Una bakteria, mwani, vumbi la majani, na chavua. Watafiti waliofanya kazi Ethiopia walichapisha mwaka 2000 kwamba viluwiluwi wa anofelesi walioko karibu na mashamba ya mahindi wanakua haraka na kutoka wakubwa zaidi kwa kula chavua ya mahindi inayoangukia madimbwini. Nilipolisikia hilo nilitazama huku na huku. Kasulu nzima ilikuwa mahindi, ila Desemba bado yalikuwa ya magotini. "Yakitoa mbelewele," bwana afya akasema, "hapa ni karamu."

Madimbwi mengine ya Kasulu nayapita haraka, maana yalifanana: kwato za ng'ombe kando ya kijito, mfereji uliozibwa na mifuko, shimo la muhogo wa kulowekwa ambalo halikuwa na anofelesi hata mmoja bali harufu tu. Wifi alikuwa anaandika kila mahali vitu vile vile: jua au kivuli, mwani upo au haupo, maji yametulia au yanatembea, viluwiluwi wadogo wangapi, wakubwa wangapi, mabuu wangapi. Nilimuuliza kwa nini anajali sana rangi ya maji kuliko wingi wake. Akasema tutaongea usiku, kwa sasa jua linakwenda.

Usiku umeme ulikatika, na nyumba ya wageni ikatupa taa ya sola. Pale ndipo aliponijibu, akianza na jaribio moja.

Mwaka 2014, katika Chuo Kikuu cha Georgia huko Marekani, Kerri Coon na wenzake wakiwa na Michael Strand walichukua mayai ya mbu wakayaosha kwa spiriti na dawa ya kuua vijidudu hadi ganda likawa safi kabisa. Wakayaacha yaanguliwe katika maji yasiyo na kiumbe chochote, wakawapa viluwiluwi chakula cha kutosha kilichotakaswa vivyo hivyo. Viluwiluwi walitoka wazima. Walikula. Chakula kilionekana tumboni. Lakini hawakukua. Kiluwiluwi wa mbu hujivua ngozi mara tatu kabla ya kuwa buu, na hawa hawakuivua hata ile ya kwanza. Walikaa siku kadhaa katika umbo walilozaliwa nalo, kisha wakafa. Ilikuwa hivyo kwa aedesi aegypti, mbu wa dengue. Ikawa hivyo kwa Anopheles gambiae, mbu wetu wa malaria. Ikawa hivyo kwa mbu mwingine wa Marekani anayezalia kwenye mashimo ya miamba. Walipowawekea bakteria hai kwenye maji, hata wa aina moja tu, hata yule E. koli wa kawaida ambaye kila maabara inaye, wakakua wote mpaka wakaruka. Bakteria waliokufa hawakuwasaidia.

"Kwa hiyo bakteria ni chakula," nikasema.

"Ingekuwa chakula, maiti zao zingetosha."

Nikanyamaza. Huyu wifi ana tabia ya kumwacha mtu atafute mwenyewe, jambo ambalo mimi nawafanyia wanafunzi na sikujua linauma hivi.

Kundi lile lile liliendelea kutafuta. Mwaka 2017 walieleza kwamba bakteria wakishaingia utumboni wanavuta oksijeni yote, na utumbo wa kiluwiluwi unabaki karibu hauna hewa. Upungufu huo ndio unaoupa mwili amri ya kukua na kujivua ngozi. Mwaka 2021 wakaja na habari iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa ina jua ndani yake. Kuna vitamini iitwayo raiboflevini, ile B2 ya kwenye maziwa na maini, ambayo mwanga unaivunja. Viluwiluwi wasio na bakteria, wakiwekwa gizani wapewe vitamini hiyo ya kutosha, wengi wao walikua. Mwangani walikwama. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya bakteria ni kuendelea kuitengeneza vitamini hiyo tumboni, kila siku, kadiri mwanga unavyoiharibu huko nje. Majaribio haya ya mwisho yalifanywa kwa aedesi, na mimi nisingeapa kwamba kila kitu kiko hivyo hivyo kwa anofelesi. Hata hivyo nililala nikilifikiria lile dimbwi la tairi. Anopheles gambiae hupenda maji madogo yaliyo juani, mahali ambapo raiboflevini haiwezi kudumu. Anakaa mahali ambapo bila hao wageni wa tumboni asingeweza kukaa.

Mchoro wangu wa ubaoni una mshale kutoka kiluwiluwi kwenda buu kana kwamba ni jambo linalojiendea lenyewe. Usiku ule niliona kwamba mshale ule unashikiliwa na viumbe ambao sijawahi kuwachora.

Na bakteria hao, viluwiluwi wanawachukua wapi? Hawazaliwi nao tumboni. Wanawanywa. Kila dimbwi lina watu wake, na kiluwiluwi anawachota wale aliowakuta. Akigeuka buu, utando wa utumbo unabanduka na kubeba bakteria karibu wote, kwa hiyo mbu anapotoka juu ya maji tumbo lake ni karibu tupu. Anajaziwa upya, kwa sehemu na maji yale yale aliyotokea, anapoyanywa kabla ya kuruka. Baadaye akinywa damu ya mtu, bakteria hao wachache wanaongezeka ghafla mara nyingi. Na hapo ndipo hadithi inapotugusa sisi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba bakteria mmoja waliyemtoa kwenye utumbo wa mbu wa Zambia alikuwa anatengeneza kemikali zinazoua vimelea vya malaria kabla havijashika ukuta wa tumbo. Mwaka 2020 wenzetu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, wakaeleza kiumbe mwingine, huyu wa jamii ya kuvu, waliyemkuta ndani ya anofelesi wa nchini humo, akimzuia mbu kubeba malaria bila kumdhuru mbu mwenyewe. Mbu wawili waliotoka madimbwi mawili wanaweza kukuuma usiku mmoja, mmoja akakupa homa na mwingine asikupe, kwa sababu ya walichokunywa utotoni.

Barabara ya kwenda Kibondo ni sehemu ya ile ndefu ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na wenyeji wanaisifia kwa namna ambayo asiyewahi kusukuma basi kwenye tope hawezi kuielewa. Tulipita Makere, na kibao cha Nyarugusu. Kambi hiyo ya wakimbizi ipo tangu mwaka 1996, walipoanza kuja Wakongo, na mwaka 2015 wakaongezeka Warundi. Watu waliomo ni zaidi ya laki moja. Huingii bila kibali, nasi hatukuwa nacho. Lakini kando ya barabara niliona mashimo ya udongo, mengine mapya mengine yameota majani, na wifi akayatazama kwa jicho la mtu anayehesabu. Makazi ya watu wengi kwa muda mfupi ni udongo mwingi kwa muda mfupi, na udongo ukitolewa hubaki shimo.

Tulipovuka Malagarasi dereva alipunguza mwendo. Mto huu unatoka mpakani mwa Burundi, unashuka kwenda kwenye mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Huko chini kwenye pori la akiba la Moyowosi ndiko kwa ndorobo, na dereva alikuwa na hadithi za ndorobo kumi. Nilimwambia kwamba miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa kuogopa malale yanayoletwa na ndorobo. "Babu yangu alikuwemo," akajibu. "Alisema walichomewa nyumba ili wasirudi."

Wifi hakuweza kujizuia. Ndorobo, akasema, ndiye bingwa wa utegemezi huu tunaouzungumzia. Anaishi kwa damu tu, na damu haina vitamini za B za kutosha. Kwa hiyo ana bakteria wake maalumu aliyewekewa chumba kando ya utumbo, anayempa vitamini hizo. Mama ndorobo humrithisha mtoto bakteria huyo kwa maziwa, maana ndorobo huzaa funza mmoja mmoja na kumnyonyesha ndani ya mwili. Ukimuua bakteria huyo, ndorobo jike anakuwa tasa. Wataalamu wamempa jina Wigglesworthia, kwa heshima ya Vincent Wigglesworth, Mwingereza aliyesomea wadudu. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mbu ni maskini kuliko ndorobo? Maana yeye hajarithi, anaokota."

Sijasikia mtu akilieleza vizuri zaidi.

Kibondo niliipenda kabla hatujashuka. Mji umekaa juu, hewa yake nyepesi, na pande zote ni nyumba za matofali ya kuchoma, nyekundu, bati jipya, madirisha yenye nyavu. Hapa ndipo safari ilipobadilika, kwa sababu nyumba zile ndizo zilizotupeleka kwenye mbu.

Nyumba ya matofali ni kinga. Kuta zisizo na nyufa, dari, wavu dirishani: vyote vinapunguza mbu wanaoingia ndani, na hakuna mtaalamu atakayekushauri ukae kwenye tembe. Lakini matofali hutoka mahali. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa hazipo, vijana wanachimba udongo, wanafyatua, wanachoma. Novemba mvua zinarudi, shimo linajaa. Maji yametulia, yana jua, udongo wa chini ni mtupu, samaki hawamo, na baada ya siku chache utando wa kijani unaanza kuota. Ukiambiwa umtengenezee Anopheles gambiae nyumba, usingeweza kufanya zaidi. Nyumba nzuri na shimo lake viko mita ishirini kutoka kimoja hadi kingine, na aliyevijenga ni yule yule. Sisemi hili kwa kulaumu. Kibondo nilikotembea kila aliyekuwa na shimo alikuwa na sababu yake.

Mzee mmoja, nje kidogo ya mji kwenye njia ya Kifura, alitukaribisha kwa viti na karanga. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akauliza tunatoka wapi. Niliposema Muheza aliweka karanga chini.

"Muheza ya Tanga? Ngomeni bado wanakata mkonge?"

Alikuwa amekata mkonge kabla ya Uhuru, akiwa kijana asiye na ndevu. Tulipoteza muda mrefu hapo. Wifi alitazama jua mara mbili, nikajifanya sioni. Alitaka kujua majina ya watu ambao wengi wamekufa, na kama lile soko la karibu na stesheni bado lipo. Kisha akasema jambo nililokuwa nalo toka utotoni bila jibu. "Kule Tanga tulikuwa tunaumwa homa kila mwezi. Nikirudi hapa nilikuwa sijui homa. Mbu walikuwepo, lakini wa mtoni. Sasa wako mlangoni." Akanyoosha fimbo. Upande wa pili wa migomba kulikuwa na mashimo matatu ya mjukuu wake.

Katika shimo la kati kata ilitoka na viluwiluwi wengi kiasi kwamba mhudumu wa afya wa kijiji, dada aliyekuwa ametusindikiza, aliguna. Wifi akatoa chupa ya dawa ya Kibaha.

Kiwanda hicho cha Kibaha, mkoani Pwani, kilijengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa kutengeneza lita milioni 6 kwa mwaka. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuziagiza halmashauri zinunue dawa yake. Ndani ya chupa mna bakteria. Aina moja ni ile iliyopatikana mwaka 1976 kwenye dimbwi la jangwa la Negev huko Israeli, ndani ya mizoga ya viluwiluwi waliokuwa wameuawa nayo. Bakteria huyo hutengeneza fuwele ya protini. Kiluwiluwi anafagia maji kama kawaida yake, anaimeza fuwele pamoja na wengine wote anaowahitaji. Utumbo wake una hali ya magadi makali, na humo fuwele inayeyuka, sumu inatoboa ukuta wa utumbo, na kwa saa chache mdudu amekufa. Sisi tumbo letu lina asidi, fuwele haifanyi kitu. Ng'ombe vivyo hivyo, na samaki. Mdomo ule ule unaomletea bakteria wa kumkuza ndio unaomletea wa kumuua. Hana namna ya kuchagua.

Tuliweka dawa kidogo kwenye beseni lenye mateko matatu tukala ugali wa muhogo na dagaa. Tuliporudi, wadogo walikuwa wamekufa wote. Wakubwa wengi pia. Lakini wachache wanene walikuwa bado wanacheza, na mabuu, wale wenye umbo la alama ya mkato, walikuwa wanapiga mbizi kama hakuna kilichotokea. Mjukuu wa mzee akasema dawa ni ya uongo.

"Hawa wamefunga kula," wifi akamwambia. "Kiluwiluwi akikaribia kuwa buu anaacha chakula, na buu hana mdomo wa kulia. Dawa hii huingia kwa kinywa. Hao wataruka kesho kutwa, hatuna la kuwafanya. Ndiyo maana inawekwa mapema, na inawekwa tena."

Ile "tena" ndiyo kazi. Dawa inazama, jua linaichosha, mvua inaleta maji mapya, na baada ya wiki moja au mbili shimo linaweza kuwa na kizazi kipya. Dar es Salaam waliwahi kuonyesha kwamba inawezekana: mpango wa mji wa kudhibiti malaria, ulioanzishwa mwaka 2004, ulianza kuweka dawa za aina hii mwaka 2006 katika kata chache, kwa kutumia wakazi wa mitaa waliokuwa wanapita kila wiki, na maambukizi yakashuka sana. Lakini mitaa ya Dar imebanana. Kibondo ni vilima, na shimo na shimo kuna mwendo. Kwa maoni yangu agizo la kununua chupa lilikuwa rahisi; lililo gumu ni miguu ya kuzifikisha, mwaka hadi mwaka, na miguu haikuwa kwenye agizo.

Nilimuuliza mjukuu kwa nini asifukie. Alinitazama kama mtu anayemstahi mgeni. Shimo lile ndilo udongo mzuri; Juni analirudia. Maji yake bibi anamwagilia mchicha. Akifukia leo, atachimba jingine, na lile jipya litakuwa karibu zaidi na nyumba kwa kuwa la mbali ni la jirani. Sikuwa na jibu.

Mzee ndiye aliyeuliza kuhusu jua. Alikuwa amesikiliza habari zote za mwani, utando na vitamini, nilizokuwa nazieleza kwa shauku ya mwalimu aliyejifunza somo juzi. "Kama wanataka jua," akasema, "si tuwanyime jua?" Wifi akageuka kumtazama. Huko magharibi mwa Kenya, akasema, watafiti waliwahi kupanda majani ya tembo kandokando ya mifereji. Yalipokua yakafunika maji, viluwiluwi wa anofelesi wakapungua sana. Na majani ya tembo ni malisho.

Mjukuu, ambaye ana mbuzi, akawa ghafla mtu wa kusikiliza. Akataka kujua yanachukua muda gani kufunika. Miezi, wifi akasema, na shimo pana katikati litabaki wazi. Je, akiyapanda ataachiwa shimo lake? Hakuna anayekunyang'anya shimo. Na dawa? Walibishana hapo, yeye akidai kwamba akipanda majani asisumbuliwe na dawa kwenye maji ya mchicha, wifi akirudia kwamba haidhuru mchicha, bibi akisema kutoka jikoni kwamba yeye hajaulizwa. Mhudumu wa afya alikuwa anaandika kwenye daftari lake muda wote huo. Alipomaliza akalifunga.

"Nitapita Jumanne baada ya Krismasi," akamwambia mjukuu. "Nikikuta hujapanda, naweka dawa. Nikikuta umepanda, naweka pia."